Shemeji wa Mnarani

Shoga, acha unachofanya usome hapa. Hawa watu wangu wamerudi sasa hivi.

Leo mdogo wangu alikuwa anajaribu ile droni yake pale uwanja wa ndege. Na mwongoza ndege wa zamu ni nani? Mume wangu!

Sharti lake moja tu: ruhusa zote ziombwe kwa redio. Haya, droni iko juu, ndege ya abiria inakaribia kutua, redio ya mdogo wangu ikaisha chaji.

Akapanda mnarani mbio, akasimama nyuma ya mume wangu. "Shemeji, naomba niishushe!"

Hakugeuka. Akabonyeza redio: "Droni, nakuita."

"Shemeji, nipo hapa!"

"Droni, sikupati."

NYUMA YAKE, shoga! Asubuhi wametoka hapa kwa gari moja, na lile shati alilovaa kapigiwa pasi na mdogo wangu!

Mdogo wangu akapiga simu ya mnarani. Mume wangu akapokea: "Mnara, karibu. Uko wapi?"

"Nimekushika bega!"

"Tumia redio." Akakata.

Akakata, shoga!

Ndege yenye watu sitini ikaambiwa izunguke tena. Droni ikaishiwa chaji, ikadondokea gari letu. Mume wangu kaandika kwenye ripoti: "Rubani wa droni hakupatikana."

Sasa tuko mezani, wamenuniana kama wake wenza. Mdogo wangu kaomba chumvi mara tatu, kimya. Kaenda kuichomoa redio kwenye chaji: "Mnara, naomba chumvi."

Haki ya Mungu, mume wangu kaisukuma pale pale: "Chumvi, ruhusa imetolewa."