Nyuzi za Mama Hazikuwa Taka

Jumanne, Rumonge. Jua limetoka baada ya siku tatu za mvua, na mimi nimeamka najiamini kupita kiasi.

Nilikuwa na sababu. Kesho asubuhi nasimama mbele ya mkurugenzi wa kiwanda chetu cha sabuni, kumwonyesha jinsi boila yetu inavyoweza kuacha makaa ya mawe yanayoletwa kwa meli kutoka ng'ambo ya ziwa, ikachoma mabaki ya michikichi. Miezi minne nimekuwa nikiijenga modeli hiyo kwenye kompyuta: joto, unyevu, majivu, mvuke wa kila saa. Wiki iliyopita nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba makaa yote yataondoka. Yote! Nilipenda sana alivyonitazama.

Kilichobaki kilikuwa pambo tu: mfuko wa nyuzi na mfuko wa maganda ya kokwa, niiweke mezani waishike. Kwa hiyo asubuhi nikaenda Kigwena kwa mama, ambaye amekuwa akikamua mawese tangu turudi kutoka uhamishoni Tanzania. Nikaanza kushindilia kwenye gunia nyuzi zilizobaki baada ya kukamua. Mama akaacha kazi, akashika kiuno.

"Mwana wanje, unazipeleka wapi?"

Nikamweleza kwa maringo kwamba kiwanda kitachukua nyuzi zote za akina mama wa mwambao huu, maana ni taka.

"Taka?" Hakucheka. "Hii njo iko napikia ngazi kila siku. Mukibeba yote ku usine, siye tutapikia nini? Tuingie mu pori tukate miti?"

Nikalitazama pipa lililokuwa nyuma yake. Ngazi, yaani matunda ya michikichi, zilikuwa zinatokota, na chini ya pipa nyuzi za jana zilikuwa zinawaka.

Niliona aibu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikizisukuma nyuzi hizo chini ya pipa hilo hilo kabla ya kwenda shule, sare yangu ikinuka moshi mpaka mwalimu ananihamisha kiti. Lakini kwenye modeli niliziandika kama taka, za bure, zinapatikana zote, kwa sababu maandishi niliyosomea yalisema hivyo, na yaliandikwa kwa ajili ya viwanda vikubwa vya mbali. Mtoto wa mkamua mawese, jamani! Ningeondoa makaa kiwandani, nikapigiwa makofi, halafu msitu wa Kigwena ungekatwa kimyakimya ili ngazi zipate kuiva.

Nikamuuliza mama nyuzi zinabaki kiasi gani akishapika. Hakuna, zilizopo ni za kesho. Na maganda ya kokwa je? Hayo, akasema, yamejaa nyuma ya nyumba, kazi yake ni kumwagwa njiani wakati wa mvua watu wasiteleze. Nichukue hata leo, nimpunguzie nyoka wanaojificha humo.

Mchana nimerudi ofisini, nimefuta safu ya nyuzi yote. Nimeacha maganda peke yake, nikatoa na yale ya njiani. Modeli imegoma kusema yote. Imesema nusu.

Nikiri hapa kwamba kuna dakika kumi nzima nilifikiria kunyamaza. Mkurugenzi hajawahi kukanyaga uwanja wa mama, asingejua chochote.

Lakini kadiri ninavyoiangalia nusu hii ndivyo ninavyoipenda. Maganda ni makavu, ni magumu, yanawaka vizuri, na nimeyaona kwa macho yangu yakiwa hayana kazi. Hakuna mama atakayepoza pipa lake kwa sababu ya boila yetu. Nusu hii nitaitetea mbele ya mtu yeyote.

Mezani kesho utakuwepo mfuko mmoja tu, wa maganda. Kabla sijawasha kompyuta nitasema nilikosea. Na mkurugenzi akiuliza nani amekagua hesabu zangu, nitamtajia mama, jina lake lote.