Siku Niliyoiezua Nyumba ya Mwanaesha

Kipungani, Alkhamisi, mwezi nane Mfunguo Mosi, 1954

Kusi limevuma tangu alfajiri, mvua ikafuata saa tatu, na sasa magharibi inakaribia bado havijanyamaza. Baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo, ewe daftari langu, nisamehe mwandiko. Mkono wa kulia umefungwa kwa fito mbili na kipande cha leso, na kila nikikohoa naona nyota.

Mkono huu umevunjwa na mke wangu. Nilistahili.

Nitaandika yote, hata yale ambayo nisingependa dada yangu Zena ayasome. Zena hajui kusoma, lakini mimi nakaa chumbani kwake, na Zena hujua mambo bila kuyasoma.

Kazi yangu ni kuezeka. Hapa Kipungani ni nyumba chache sana ambazo sijapanda mapaa yake, na Shela na Matondoni pia huniita. Paa la Shee halivuji, hilo hata adui zangu wanalikubali. Watu husema nina mikono ya baraka na mdomo wa moto. La kwanza nilijivunia, na la pili, Mungu anisamehe, nililichekea kama sifa.

Mwezi wa Rajabu nilimwacha Mwanaesha kwa talaka moja, kwa ajili ya ngazi. Nilirudi asubuhi kutoka Shela, nikaitafuta ngazi yangu nisiione, nikaambiwa ameiazimisha jirani bila kuniuliza. Nikafoka. Yeye akajibu kwa upole kwamba ngazi haina roho, haitakufa ikilala nyumba ya pili. Upole wake ndio ulionitia wazimu. Nikatamka. Ngazi ilirudishwa kabla ya adhuhuri, ila neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Nyumba ni yake, aliachiwa na marehemu babake, kwa hiyo mimi ndiye niliyefunga virago vyangu na kuhamia kwa Zena. Lakini paa ni langu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu niliezua makuti mabovu yote na kuezeka upya, makuti nimeshona mwenyewe, kamba za makumbi nimesokota mwenyewe. Sikumpa kwa neno wala kwa maandishi. Niliezeka tu, kama mume anavyoezeka nyumba anayolala.

Juzi nikasikia barazani kwamba kuna mtu wa Siyu ametuma watu kumposa Mwanaesha.

Sikula siku ile. Nilihesabu kwa vidole: Rajabu mpaka Shaabani, Shaabani mpaka Ramadhani, Ramadhani mpaka Mfunguo Mosi. Miezi mitatu imetimia. Eda imekwisha, si mke wangu tena, na anaweza kuolewa na amtakaye. Kilichonichoma hasa si posa. Ni kwamba mtu wa Siyu atalala mkavu, asikilize mvua ikigonga juu, astareheke kwa kazi ya mikono yangu. Nikaapa kwamba mume mwingine hatalala chini ya makuti yangu.

Jana baada ya sala ya alasiri nilimwuliza mwalimu wetu wa chuo cha Kurani: mtu akimwacha mkewe, na eda ikaisha, vitu vyake vilivyobaki nyumbani kwa mwanamke ni vya nani? Akajibu kwamba cha mtu ni chake. Sikumtajia paa. Sikumtajia kwamba kusi limechafuka. Sikumtajia mtoto wetu Amina, wa miezi saba, ambaye bado ananyonya. Aulizaye nusu hujibiwa nusu, na mimi ile nusu niliikamata kama hati ya kadhi.

Leo asubuhi nilikwenda na ngazi na panga. Kusini mbingu ilikuwa nyeusi. Hakuna mwezeki mwenye akili anayepanda paa siku kama hiyo, na wapo vijana niliowatukana kwa kosa hilo hilo. Nilipanda. Nilianza kileleni, nikakata kamba ya kwanza kwa pigo moja, na upepo ukaingia kwenye ule upenyo ukaniinulia safu nzima. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nakata na kurusha, nakata na kurusha, na kila safu iliyoruka niliiona inampiga usoni mtu wa Siyu ambaye hata simjui.

Mama yake Mwanaesha, Bi Mwanaheri, alitoka nje na kanga kichwani.

"Shee, shuka tini. Mvua yaya hiyo."

Nikamjibu kwamba mvua ije isije, nachukua changu. Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Wanaume wakasimama kando ya ua, mikono nyuma, maana neno lilikwisha kuzunguka kwamba mwalimu amenipa haki.

Kisha akatoka Mwanaesha na mtoto kiunoni. Alitazama juu. Alimkabidhi mamake mtoto, akaishika ngazi, akaanza kupanda.

Hapa ndipo mkono unapokuwa mzito, na si kwa sababu ya kuvunjika.

Alipofika kipago cha tano niliisukuma ngazi kwa mguu.

Haikuteleza. Wapo walioniambia leo, kwa huruma, kwamba bila shaka iliteleza kwa sababu ya upepo. Niliisukuma. Nilimwona akienda nyuma na ngazi mikononi, akaangukia ubavu kwenye mawe aliyoyapanga kuzunguka bustani yake ya mchicha, na mdomo ukapasuka. Amina akalia kilio ambacho bado nakisikia. Hakuna mwanamume hata mmoja aliyetoka pale kando ya ua. Na mimi nilisimama juu na panga langu, nikafanya nini? Nikakata kamba nyingine.

Mwanaesha aliinuka. Aliingia ndani akatoka na mchi wa kutwangia, akaisimamisha ngazi upande wa pili ambako sikuwa natazama. Nilipogeuka alikuwa ameketi juu ya mwamba wa paa, ule mti wa kileleni, kama mtu aliyepanda punda, damu kidevuni, na mchi umekwisha inuliwa. Alipiga mara moja. Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Panga likaanguka ndani ya nyumba, likasimama kwenye mto wa kitanda, na mimi nikaporomoka juu ya makuti yaliyobaki mpaka mchangani.

Mvua ikaja wakati huo huo. Haikuanza kwa matone. Ilimwagwa, ya baridi, ikisukumwa na upepo, na ikaingia nyumba ile kupitia tundu nililolifanya mimi, tundu la kupitisha ngalawa. Nilikuwa nimeanguka karibu na mlango, kwa hiyo niliona kila kitu. Kitanda kikalowa, mtungi wa unga ukajaa, na kapu la nguo za Amina likaanza kuelea kuelekea mlangoni, kwangu.

Wanaume walikimbilia msikitini kujikinga. Wanawake ndio waliokuja. Kipungani kila mwanamke ana mikeka ndani, mipya, iliyosukwa kwa miezi na kungojea safari ya soko la Amu. Walitoka nayo. Walipanda juu na ile mikeka yao mizuri, yenye rangi, ambayo mtu hawezi kuikanyaga na viatu, wakaifunga kwenye fito palipokuwa na makuti yangu. Zena alitoka na jamvi ninalolalia.

Nilikuwa natapika kwa maumivu, na bado ufundi ulinisumbua. Walikuwa wanaanza juu na kushuka chini. Paa haliezekwi hivyo. Huanza upenuni ukapanda, ili safu ya juu iilalie ya chini, ama sivyo maji huingia katikati. Nikapiga kelele, "Anzeni tini! Anzeni upenuni!"

Zena alishuka, akanijia. Nilidhani anakuja kunisaidia kuinuka. Alinizaba kofi.

"Wewe wayuwa kuezeka tu," akasema. "Wahisabu miezi kama ahisabuye makuti. Mke anyonyeshaye haoni mwezi wake, na asipouona mara tatu eda haikwisha. Hata mara moya hajauona. Eda yake bado, Shee. Umeezua nyumba ya mkeo."

Nikamwambia kuhusu posa ya mtu wa Siyu. Alicheka, kicheko kibaya.

"Wale watu waliregea na jibu. Mwanaesha aliwambia, mimi ningali mke wa mtu, msiniletee maneno ya haramu mlangoni pangu."

Niliketi matopeni.

Bi Mwanaheri ndiye mfunga mifupa wa hapa. Alinifunga mkono papo hapo chini ya upenu, huku mvua inatupiga wote wawili. Alivuta zaidi ya inavyopasa, mara mbili. Sikumlaumu.

Mwalimu alifika mvua ilipopungua, baada ya adhuhuri, kanzu ameipandisha magotini. Zena alikuwa amemweleza. Alinitazama kwa hasira ya mtu aliyefanywa shahidi wa uongo.

"Hukunambia kuwa anyonyesha," akasema. Kisha akaeleza mbele ya watu wote jambo ambalo nilipaswa kulijua: kwamba mke aliyeachwa talaka moja, akiwa katika eda, malazi yake na chakula chake ni juu ya mume. Nilipaswa kumhifadhi na mvua. Mimi ndiye niliyeiingiza mvua ndani.

Akapumua, akalegea kidogo. Nadhani alitaka siku iishe vizuri.

"Bado wakati upo. Mregee, yaishe. Ni neno moya tu."

Watu wote wakanitazama kwa matumaini. Ni kweli. Madamu eda haijaisha, mume akitamka kwamba amemrejea mkewe, amemrejea. Haulizwi mwanamke. Hakuna mahari mapya wala posa. Nilimtaka, niandike hivyo nisijifiche. Nilimtaka Rajabu saa ile ile ngazi iliporudi, nimemtaka Ramadhani nzima nikifuturu uji wa Zena, na hata mchi ulipokuwa juu nilimtaka. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikafungua mdomo.

Mwanaesha alikuwa mlangoni, Amina kifuani, mkeka wa jirani unamdondokea begani. Hakulia. Mdomo ulikuwa umevimba na maneno yalitoka kwa shida.

"Ukilisema, sina la kufanya," akasema.

Hivyo tu. Hakuniomba nilitamke wala nisilitamke. Nilimtazama yule mwanamke niliyemtupa kutoka kwenye ngazi, nikaelewa kwamba nikilisema lile neno nitakuwa nimemsukuma mara ya pili, na safari hii kwa ruhusa ya mwalimu na watu wote wakishangilia.

Nikafunga mdomo. Kisha nikasema jingine. Nikasema kwamba makuti yale, yaliyoko juu na yaliyoko mchangani, ni yake, nimempa, na atakayelala chini yake siku yo yote ni shauri lake.

Mwalimu aliguna.

"Yaandike," Mwanaesha akasema.

Hakuniamini kwa mdomo, na nani angeniamini? Nililetewa karatasi, nikaandika kwa kushoto, herufi zimelala kama walevi, na mwalimu akatia jina lake chini. Mwanaesha aliikunja akaiweka kwenye pindo la kanga yake.

Alasiri yote niliketi chini ya ukuta nikaelekeza kwa mdomo. Wanaume waliona haya sasa, walipanda wanne. Walianza upenuni. Mwanaesha naye alipanda, na ubavu wake ule, akafunga safu mbili kwa mikono yake mwenyewe. Aliponiuliza fundo linapita juu ya ufito au chini yake, nilimjibu, na hatukusema jambo lingine. Nusu ya makuti ilikuwa imechukuliwa na upepo mpaka mikokoni. Kwa hiyo usiku wa leo nusu ya nyumba ina makuti na nusu ina mikeka ya wanawake, na mikeka itaoza. Kesho nitaanza kushona makuti mengine, hata kama kwa mkono mmoja na meno, na chakula chake na cha mtoto nitakipeleka kila asubuhi mpaka mlangoni, nikiweke chini, nirudi.

Amina ananyonya. Zena anasema huenda mamake asiuone mwezi mpaka mwaka mwingine. Kwa hiyo eda hii ni ndefu, na kila siku ndani yake neno lile ni halali yangu. Nikiamka nimeudhika, ninalo. Nikimwona kisimani amecheka na mtu, ninalo. Nikisikia tena barazani habari za mtu wa Siyu, ninalo, na hakuna kadhi wala mama wala mchi wa kulizuia likishatoka.

Leo nimelimeza.

Mimi, Shee, ambaye sijawahi kumeza neno hata moja tangu nizaliwe, nitaweza kulimeza na kesho?