Kuku Wanaoliwa kwa Ajili ya Takwimu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kaya yetu imeteuliwa. Binti mmoja, Asmaa, amefika hapa Wenje kutoka Hola. Kwa majuma mawili ataandika kila tunachonunua na kila tunachokula, ili serikali ijue matumizi ya Wakenya yamebadilikaje kwa miaka kumi. Nimemwahidi ukweli mtupu. Leo: sukari, majani ya chai, vocha ya binti yangu Metrine. Vocha tena. Zamani fedha hiyo ilinunua mafuta ya taa. Sasa inanunua vicheko vya simuni.

Mgeni haondoki kwangu na njaa. Dorothy, mke wangu, akakamata kuku. Asmaa ni Mwislamu, kwa hiyo tukamwita jirani yetu Diba, Mworma na Mwislamu mwenzake, aje achinje. Aliyechinja haambiwi aende zake. Akala.

Jumatano, 11 Juni

Asmaa amerudi. Tulikula nini juzi? Kuku. Akasema anataka chakula cha kawaida. Nikamweleza kwamba kilicholiwa kimeliwa, aandike. Ilikuwa saa ya chakula — kuku mwingine. Diba amepewa paja.

Dorothy akaninong'oneza jikoni: "Baba Metrine, kuku hawa ni wa wakwe." Najua. Jumamosi ya tarehe 21 jamaa za Griffin wanakuja kumposa Metrine. Shangazi yao, inasemekana, alivunja posa moja huko Hola kwa sababu ya mchuzi mwepesi. Nimemjibu kuku wanatosha.

Jumatatu, 16 Juni

Kuku, Ijumaa. Kuku, leo. Asmaa ameomba apewe tu ugali na mchicha. Dorothy akakasirika: mgeni wa serikali ale majani, aende aseme nini Hola?

Diba alinisimamisha njiani. "Mwalimu, ile dada ya hesabu nakuja lini tena?" Sikumsahihisha. Shati lake limeanza kumbana.

Alhamisi, 19 Juni

Amebaki jogoo peke yake.

Asmaa amepiga simu. Ofisi haiamini: eti kaya ya mwalimu mstaafu wa Wenje inakula kuku wengi kuliko kaya za Nairobi. Kesho mkubwa wake anakuja kuhakiki. Mimi, nihakikiwe. Nimefundisha miaka thelathini na sijawahi kuongeza hata alama moja.

Tumeafikiana na Dorothy: kesho ni mchicha. Jogoo ni wa shangazi.

Ijumaa, 20 Juni

Wamefika. Mkubwa anaitwa Bwana Nuh, mtu mpole, amevaa koti katika joto hili. Akatazama uani.

"Mzee, mbona sioni kuku?"

"Wameliwa."

"Wote? Na leo mnakula nini?"

"Ugali na mchicha."

Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu nililokuwa nikimpa mwanafunzi aliyedai kwamba daftari lake limeliwa na mbuzi. Asmaa akainamisha kichwa. Dorothy alikuwa dirishani, akaliona.

Amekwenda jikoni. Ameinjika sufuria ya maji. Sasa Metrine anamkimbiza jogoo nyuma ya nyumba — jogoo wa posa yake mwenyewe — naye Bwana Nuh anauliza ni kelele za nini. Nimeingia ndani kwa kisingizio cha kutafuta miwani. Nikiwazuia, nitakuwa mwongo katika takwimu za taifa. Nisipowazuia, kesho shangazi wa Griffin atakula mchicha.

Mtu anabisha hodi. Ni Diba, na kisu chake. Hatujamwita.