Ua Jeupe la Juu ya Mfereji

Mikumi,
14 Juni

Kwako Dada Fausta,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, Mama na watoto, na kwamba mvua imewaachia vitunguu vya kuvuna. Mimi mwili ni mzima. Lakini nimewakumbuka mno, hata nikipita sokoni hapa wanaposhusha vitunguu vya Lumuma nasimama tu bila kununua. Barua nampa Mwamvua akuletee mkononi, maana haya ya leo simu haiyawezi.

Nianze na habari njema. Unakumbuka Baba alivyokuwa akinibeba kwenda kukagua mfereji kule msituni, nikarudi nikiwasimulia okidi ndogo kama ukucha wa mtoto, yenye maua meupe? Ulinicheka sana, kwa kuwa zote ulizoziona wewe zilikuwa za zambarau. Haya, ipo. Imepimwa na kuandikwa kitaalamu, kwa hiyo nakudai radhi yangu!

Haikuwa rahisi. Miaka mitatu iliyopita niliipata, nikachukua shina moja na kulikausha kati ya magazeti kama tunavyofanya kazini, lakini kwa furaha nikasahau kuandika rangi siku ileile. Okidi hizi zikikauka, nyeupe na zambarau zote huwa kahawia. Mkuu wangu, Dokta Vitalis, aliitazama kwa kioo cha kukuzia akasema majani ni yaleyale, mdomo wa ua ni uleule, na kuhusu weupe hana ushahidi ila maneno yangu. Akanituma nikaitafute tena ikiwa hai. Maua yake hukaa siku nne tu, mwezi wa tatu. Mara mbili nilikuta yamekwisha kunyauka.

Mwaka huu nikaikuta na matumba. Nimeomba iitwe jina la Baba, lakini Dokta kasema aina nyeupe kwa desturi huitwa nyeupe, basi. Nilimwitikia vizuri, kisha nikatoka nje nikalia.

Sasa dada, kaa chini. Ile wiki uliponipigia ukasema Baba ananiulizia kila saa, nikakujibu niko Mikumi na ruhusa nimenyimwa, nilikudanganya. Nilikuwa juu ya mfereji wetu. Bati la nyumba nililiona, hata wewe nilikuona ukianika khanga. Nilijiambia kesho ua litachanua, nipime, nipige picha, nishuke nikamwonyeshe. Lilichanua Alhamisi asubuhi. Nikiwa bado napima petali nikasikia vilio vinapanda kutoka bondeni, nikajua ni kwetu.

Nilimaliza kupima, dada. Kisha nikapita njia ya nyuma hadi Kilosa, nikalala huko, na kesho yake nikashuka kwenye gari na begi langu, mkanipokea na kunipa pole ya safari. Pole ile inanila mpaka leo.

Mwezi wa tatu litachanua tena. Ukiniruhusu nitaanzia nyumbani, tupande wote wawili, nikuonyeshe mahali alipokuwa akiniinua mabegani nilione. Ukikataa, sitapanda tena mlima ule. Mama usimsomee mpaka uamue mwenyewe. Nibusie watoto.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa karibu,
Domina