Alama Tatu Mgongoni

Kwa dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mwanao kikohozi kimemwachia. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo inanichemka. Nimempa mshonaji jirani yako akutie mkononi. Shemeji asiione.

Najua ameshakusimulia ya Jumanne, kwamba Soksi amepata kichaa akamtafuna mkono. Sasa sikia ya kwangu.

Alipomleta kliniki mwezi uliopita, mbwa alikuwa anajikuna hadi damu. Kazi yangu unaijua: mbwa mwenye mzio namkagua sehemu kwa sehemu, masikio, kwapa, tumbo, vidole, naandika alama kuanzia sifuri hadi tatu, kwa wekundu, kwa ngozi kukakamaa, kwa majeraha ya kujikuna. Daktari husoma jumla yangu ndipo apange dawa. Mgongoni nilikuta mistari mirefu mibichi. Nikaandika tatu, kujikuna, nikageuza ukurasa.

Jumanne wakarudi. Masikio sifuri, kwapa moja, tumbo safi kabisa. Mgongo bado tatu, tena mistari mipya. Nikaduwaa na kalamu yangu. Mbwa gani anafikisha kucha katikati ya mgongo? Nikaipapasa ile mistari, na kila mmoja uliishia kwenye kidonda cha mraba, saizi ya chuma cha mkanda.

Nikamuuliza shemeji. Akacheka, akasema mbwa huyo ni kichwa ngumu, na nyumbani kwake vichwa ngumu anavijulia dawa. Soksi alipogoma kuinua mguu, akamshindilia ngumi ya mbavu palepale mezani, akaongeza nyingine, na nyingine. Mbwa akajikojolea. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Kufumba na kufumbua, Soksi alikuwa ameubana mkono wa shemeji, anautikisa, mfupa unalia, damu imeruka hadi kwenye mizani. Shemeji anasema nilichelewa kumtoa. Sasa anataka mbwa achomwe sindano afe.

Dada, Soksi alikuwa amefungwa mdomo. Mimi ndiye niliyeifungua ile kamba. Na sikuchelewa. Nilisimama nikamtazama mumeo akipiga mayowe, na nilifurahi.

Chuma kile nakijua. Wakati wa mvua nilikiona begani kwako, mraba uleule, ukaniambia sabuni mpya imekuletea mzio. Mimi ninayelipwa kuijua mizio nikakupa mafuta ya kupaka, nikanywa chai yenu, nikaondoka.

Daktari nimemweleza yote. Kazi huenda nikaikosa, lakini Soksi hauawi. Yuko chini ya kitanda changu. Kitanda chenyewe ni chako na mwanao. Alhamisi saa nne shemeji atakwenda kusafishwa kidonda. Tokeni wakati huo. Nguo ziache.

Mbusu mwanao. Mwingine humo ndani usimpe salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekupa mafuta.