Gauni la Wifi Limepunguzwa Inchi Tatu

Baba watoto,

Mchuzi uko jikoni, upashe tu moto. Maziwa ya mtoto nimeshachemsha. Gauni jekundu lililo juu ya cherehani ni la dada yako, usilikalie.

Amelileta asubuhi hii ulipokuwa bafuni, nilipunguze. Nimempima kiuno, nikadhani futi yangu imekosea, nikampima tena. Inchi tatu zimekwenda! Akacheka: "Kwani wifi, kaka hajakwambia? Ananinyanyulisha vyuma siku tatu kwa wiki, mbio siku mbili tu. Anasema mbio peke yake zinakula misuli, mafuta yanabaki palepale."

Hukuniambia. Mimi uliniambia nikimbie tu, eti vyuma vitanipa mabega ya kuli. Miezi mitatu nazunguka uwanja kila alfajiri kama mwizi anayekimbizwa, na futi ileile inanisomea inchi zilezile. Kumbe humu ndani kuna wa kufundishwa na wa kukimbizwa!

~~Jioni jipikie.~~ Nitapika. Ila dada yako asile hapa leo, inchi zake zisije zikamrudia.

Na vyuma vyako usihangaike kuvitafuta chini ya kitanda. Nimevitia kwenye mkoba wangu, naenda navyo kazini. Nimejaribu kuunyanyua, mzito kweli, na hayo mabega ya kuli sijayaona bado. Saa kumi na moja njoo unipokee, unionyeshe jinsi vinavyonyanyuliwa.

Njoo peke yako.

Mkeo