Masikio ya Askari wa Keya

Jumapili jioni, Merigi

Ndugu yangu Kiprono aliokota picha ya zamani ya askari wa Keya, lile jeshi la wakoloni, kwa nyumba ya meneja inayobomolewa kule mashamba ya majani chai. Akaamua huyo ni baba ya Nyanya, aliyeenda vita vya wazungu akapotea.

Nilimwambia wazi si yeye. Nyanya hajui sura ya babake, lakini mamake alimwambia masikio yake yalitogwa yakaning'inia karibu mabegani. Ya huyu askari ni mazima kabisa.

Kiprono alicheka. "Hiyo ni kazi ndogo. Jamaa wa studio atayavuta na kompyuta."

Na yakavutwa! Mtu ana wajukuu wake mahali, labda bado wanamtafuta, na sisi tunamchezea masikio.

Leo baada ya kanisa Kiprono alimkabidhi Nyanya picha hiyo mbele ya wageni. Wakapiga makofi. Nyanya alipapasa kioo cha fremu, akatafuta masikio kwanza. Halafu akaniita mimi, mimi ninayemsomea Biblia kila siku.

"Chebet, wewe hunidanganyi. Ni yeye?"

Nikasema, "Ni yeye, Nyanya."